Mashine Iliyowashwa Kavu: Nusu Dakika Inayolipwa na Mtu Mwingine

Kabla ya safari ya mafunzo kwa vitendo baharini kuna sentensi moja ambayo hakosi mtu wa kuisema: "Hebu iwashe kidogo tu, tusikie kama inawaka." Mashine ya boti imefungwa kwenye stendi yake uani, au boti yenyewe imepandishwa kwenye trela, na karibu hapo hakuna maji hata ya kunawa. Mtu anavuta kamba mara mbili, mashine inanguruma, wenzake wanashangilia, inazimwa. Kila mtu anaondoka akijua kwamba mashine ni nzima.

Kumbe pengine ilikuwa nzima mpaka walipoiwasha.

Makala hii inawahusu zaidi wanaosoma sayansi za bahari, uvuvi, ufugaji wa viumbe maji, na hata jiografia na uhandisi, kwa sababu hao ndio wanaopanda boti kwenda kuchukua sampuli. Lakini hata wewe wa sheria au fasihi usifunge ukurasa. Jambo lenyewe linahusu mazoea tuliyo nayo sote: kuharibu kitu cha wengi kidogo tu, kukiona bado kinafanya kazi, na kunyamaza.

Gari lina rejeta, mashine ya boti ina bahari

Gari hutembea na maji yake. Yanazunguka kwenye injini, yanakwenda kupozwa kwenye rejeta, yanarudi. Injini ya boti ya kupachika haina rejeta. Yenyewe inapozwa na maji yaleyale inayoelea juu yake. Ukitazama mguu wake, juu kidogo ya pangaboi, utaona vitundu pembeni. Hapo ndipo maji yanapoingilia.

Juu ya vitundu hivyo, ndani ya mguu, kuna pampu ndogo. Ndani ya pampu kuna kigurudumu cha mpira chenye mabawa, mara nyingi sita, ambacho mafundi wanakiita impela. Impela imevaa kwenye shafti inayotoka kwenye injini kushuka hadi kwenye gia za pangaboi. Kwa hiyo injini ikizunguka, impela nayo inazunguka, uwe umeweka gia au uko nyutro. Inanyonya maji na kuyasukuma juu kwa bomba jembamba. Maji yanapita kuzunguka silinda, yanabeba joto, kisha yanashuka na kutoka pamoja na moshi. Sehemu ndogo ya maji hayo hutolewa makusudi kwenye kitundu kilicho pembeni, ndio ule mchirizi unaouona ukiruka nyuma ya boti. Tuuite mkojo wa mashine. Kazi yake ni moja: kumwambia nahodha kwamba pampu inasukuma.

Ni joto kiasi gani linalobebwa? Tufanye hesabu ya sekondari. Mashine ya nguvu farasi 40, ambayo ni ya kawaida sana kwenye pwani yetu, inatoa takriban kilowati 30 ikifunguliwa resi yote. Katika injini ya petroli, kwa makadirio ya haraka, theluthi moja ya nguvu ya mafuta hugeuka kuwa kazi, theluthi hutoka na moshi, na theluthi inayobaki lazima ibebwe na maji. Maana yake ni kilowati 30 nyingine za joto. Birika la umeme la kuchemshia chai lina kilowati 2 hivi. Chukua mabirika 15 yanayochemka kwa pamoja, yafungie ndani ya kasha la ukubwa wa ndoo. Hilo ndilo joto tunalozungumzia.

Sasa tuseme maji ya bahari yanaingia yakiwa na nyuzi 28 na kutoka yakiwa na nyuzi 55. Kila lita inabeba kilojuli 4.2 kwa kila nyuzi moja inayopanda. Ukigawanya, utapata lita 16 hivi kwa dakika. Yaani ndoo ya lita 20 inamalizwa kwa dakika moja na robo. Kazi yote hiyo inafanywa na kipande cha mpira unachoweza kukificha kwenye kiganja.

Kinachokufa kwanza si injini

Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tunaposikia "usiwashe bila maji", tunafikiria injini itachemsha, itanoki, itatoa moshi mweusi. Tunaiwasha kwa nusu dakika, hatuoni chochote cha namna hiyo, basi tunahitimisha kwamba onyo lile ni la kutishana.

Kwa upande wa injini yenyewe, hoja yao haiko mbali na ukweli. Ikiwa kwenye resi ya chini kabisa, mashine hutoa sehemu ndogo tu ya zile kilowati 30, na bloku ya aluminiamu ina uzito wa kutosha kulimeza joto la sekunde chache bila kudhurika. Lakini onyo lile halikuwa la injini peke yake. Lilikuwa la impela.

Mabawa ya impela yamekunjwa ndani ya nyumba ya pampu, yakabana ukuta wake. Ndivyo yanavyonyonya. Kinachoyafanya yateleze bila kuungua ni maji yenyewe. Pampu hii haina grisi wala oili nyingine ya kuilainisha. Maji yasipokuwepo, mpira unasugua chuma kikavu. Kwenye mizunguko 800 kwa dakika, ambayo ni mwendo wa pole kabisa, nusu dakika ni mizunguko 400. Chukua kifutio, ukikandamize kwenye bati, ukisugue mara 400 kwa kasi hiyo, kisha ukitazame. Ncha za mabawa zinapata joto, zinang'aa, zinakuwa ngumu, zinapasuka. Ukizidisha muda, zinayeyuka au kukatika kabisa.

Ni kweli kwamba pampu ambayo imetoka majini muda si mrefu huwa na unyevu uliobaki, na sekunde tatu au nne huenda zikapita salama. Lakini mashine iliyokaa stoo tangu muhula uliopita imekauka kabisa, na mpira wake umeshazoea kukunjwa upande mmoja. Hiyo haina akiba ya kukusamehe.

Jambo lingine: usitegemee king'ora. Mashine nyingi za kisasa zina king'ora cha kuchemsha, na baadhi hupunguza resi zenyewe ili kujiokoa. Lakini kwa kawaida king'ora hicho kinasoma joto la chuma huko juu. Impela inaweza kuungua kule chini kabla chuma cha juu hakijafikia joto la kupiga kelele. Na mashine nyingi za zamani za mipigo miwili, zile ngumu zinazopendwa na wavuvi, hazina king'ora chochote.

Bili inafika ukiwa mbali na nchi kavu

Impela iliyoungua nusu ni hatari kuliko iliyokufa kabisa. Iliyokufa inajulikana palepale: mkojo hautoki, safari inaahirishwa. Iliyoungua nusu inakojoa. Asubuhi mkiwa bandarini kwenye resi ya chini inatosheleza, kila mtu anaridhika, mnaondoka. Mkishavuka mwamba nahodha anafungua resi, na hapo ndipo zile lita 16 kwa dakika zinahitajika kweli. Mabawa magumu yaliyopasuka hayabani tena ukuta. Au kipande kilichokatika kimepanda na maji na kwenda kuziba njia nyembamba karibu na silinda au kwenye thamostati, kile kilango ambacho kwenye mashine nyingi za aina hii hufunguka joto likifika kati ya nyuzi 50 na 60.

Kinachofuata ni fizikia tupu. Pistoni ni ya aluminiamu, na kwenye mashine nyingi ukuta wa silinda ni wa chuma. Joto likipanda, aluminiamu inatanuka karibu mara mbili ya chuma. Nafasi ndogo iliyoachwa kati yao inakwisha. Utando wa oili unaungua, pistoni inaanza kukwaruza ukuta, mwendo unapungua wakati hakuna aliyegusa resi, na mwisho inakaba. Mashine imenoki.

Sasa kumbuka mko wapi. Nje ya miamba ya pwani ya Tanzania mkondo wa bahari unaelekea kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi unaweza kuzidi mwendo wa mita moja kwa sekunde. Mita moja kwa sekunde ni kilomita 3.6 kwa saa. Mkikaa saa mbili mkihangaika na plagi na kamba, mmeshasogea zaidi ya kilomita saba kutoka mahali mlipowaambia watu kwamba mtakuwepo. Simu haina mtandao. Sampuli zenu ziko kwenye barafu inayoyeyuka. Na yule aliyesema "tusikie tu kama inawaka" huenda hata hayumo botini. Yuko bwenini amelala.

Ndiyo maana nasema nusu dakika hiyo inalipwa na mtu mwingine.

Imeshatokea. Ufanyeje?

Kwanza, izime mara moja. Usingoje "imalizie". Na usiivute tena kuhakikisha kama bado ni nzima. Huko ni kuongeza mizunguko mingine mikavu.

Pili, usiimwagie maji. Hili ni kosa la watu wenye nia njema. Ukimwagia maji baridi chuma kilichochemka, kinasinyaa kwa ghafla upande mmoja na kinaweza kupinda au kupasuka. Vilevile maji ya juu hayafiki ndani kunakohitajika. Fungua kifuniko, iache ipoe yenyewe mpaka uweze kuweka kiganja juu ya chuma bila kukitoa.

Tatu, ikishapoa, ijaribu ikiwa na maji. Njia ni mbili. Ya kwanza ni pipa: mguu uzame mpaka maji yafunike kile kibati kipana kilicho juu ya pangaboi, na yazidi kwa upana wa kiganja. Ya pili ni vikombe viwili vya mpira vinavyobana vitundu vya maji pande zote mbili na kuunganishwa na bomba. Fungua bomba kwanza, ndipo uwashe. Fanyia nje penye hewa, nyutro, resi ya chini, na mikono na nguo mbali na pangaboi. Tazama mkojo. Unatakiwa utoke mapema, uwe na nguvu, na mashine ikishapata moto uwe wa vuguvugu. Ukitoka mvuke, au usipotoka kabisa, zima.

Nne, usipotoka, chokonoa kwanza kitundu cha mkojo kwa waya mwembamba mashine ikiwa imezimwa. Mara nyingi kimezibwa na matope, chumvi, au kiota cha nyigu aliyeona nyumba ya bure. Ukikisafisha na bado hakuna kitu, tatizo liko kwenye pampu.

Tano, hata kama umetoka vizuri, kama mashine ilizunguka kavu kwa zaidi ya sekunde chache, mwite fundi abadilishe impela. Ni kifaa cha bei ndogo ukilinganisha na injini, na fundi anayeijua kazi hiyo haimchukui siku nzima. Ukiwepo, mwombe akupe ile ya zamani uhesabu mabawa. Likipungua bawa moja, hilo halikuyeyuka likapotea hewani. Limo humo ndani mahali fulani, na lazima litafutwe kabla boti haijaingia majini. Kama mashine ilichemsha kweli, rangi imebabuka au kuna harufu ya kuungua, fundi apime pia mgandamizo wa kila silinda na aangalie gasketi ya juu.

Mazingira yanayowakamata hata waangalifu

Usidhani mashine huwashwa kavu kwa uzembe tu. Kuna siku umefunga vikombe vyako, bomba liko wazi, mkojo unatoka vizuri, kisha mgawo wa maji unakufikia katikati ya shughuli. Bomba linakauka huku wewe umegeuka kuongea na mwenzako. Kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi moja tu, kuutazama mkojo, na mkono wake uwe kwenye swichi ya kuzimia.

Pipa nalo lina ujanja wake. Ukiweka gia mashine ikiwa ndani, pangaboi linayatupa maji nje, na kwa muda mfupi kimo kinashuka chini ya vitundu. Unaona maji yanaruka kila mahali, unaamini yapo ya kutosha, kumbe pampu inanyonya hewa.

Baharini pia mashine inaweza kuwa kavu katikati ya maji. Maji yakipwa siku za bamvu, boti iliyokuwa inaelea vizuri asubuhi inajikuta juu ya matope, na mguu ulioinuliwa ili usiguse chini unatoa vitundu nje. Mchanga na matope yakiingia yanasaga impela kama msasa. Halafu kuna mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, lakini bahari haijamaliza kutapika ile ya zamani. Mfuko mmoja ukijifunga kwenye mguu unaziba vitundu vyote viwili. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanalijua hilo kwa sura nyingine, ya magugu maji.

Mkojo ukikatika mkiwa njiani: punguza resi, toa gia, zima, tupa nanga kabla ya jambo lingine lolote kama kina kinaruhusu, kisha inua mguu utazame vitundu. Mara nyingi utaondoa mfuko au majani na safari itaendelea. Lakini mashine ikiwa imeshachemsha, subirini ipoe. Mashine iliyokaba kwa joto wakati mwingine hukubali kuwaka tena ikipoa, na kukubali huko si uzima. Rudini nyumbani polepole. Na kabla hamjaondoka siku yoyote ile, hakikisheni jaketi okozi zipo kwa kila kichwa, makasia yapo, maji ya kunywa yapo, na kuna mtu nchi kavu anayejua mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi.

Tusidanganyane pia kwamba mkojo ni cheti cha afya. Unathibitisha kwamba pampu inasukuma maji. Hauthibitishi kwamba kila njia kuzunguka kila silinda iko wazi. Nahodha mzoefu hutazama mkojo, hugusa maji yake, na husikiliza sauti ya mashine. Vyote vitatu.

Daftari la boti

Mpaka hapa nimeeleza mambo ya chuma na mpira. Lakini ugumu wenyewe hauko huko. Impela inabadilishika. Ugumu ni kwamba fundi hawezi kubadilisha kitu ambacho hakuambiwa.

Jiulize kwa nini mtu ananyamaza. Mwanafunzi aliyetumwa kuandaa boti ameiwasha kavu, ameona imezima salama. Akisema, anaogopa ataambiwa alipe, na bumu lenyewe limeshakwisha wiki mbili zilizopita. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Mashine inawaka, haina alama yoyote nje, na wanaokwenda baharini wiki ijayo ni kundi lingine. Kwa hesabu yake ya siku ile, kunyamaza ni nafuu. Na hesabu hiyo hakuibuni yeye. Tumemwandikia sisi, kila mahali ambapo anayesema ndiye anayebebeshwa gharama na asiyesema anaachwa.

Basi hoja yangu kwa wawakilishi wetu ni ndogo na inatekelezeka. Kila idara yenye boti iwe na daftari moja linalokaa pamoja na ufunguo. Liandikwe tarehe, aliyewasha, aliyewasha wapi, maji yalikuwepo au hayakuwepo, mkojo ulionekanaje. Impela ya akiba iwe stoo muda wote. Na makubaliano yawe wazi: anayeandika kwamba mashine ilizunguka kavu hakatwi hata shilingi. Atakayegundulika ameficha, huyo ndiye tuzungumze naye.

Mtu atasema tunalea uzembe. Hapana. Tunalinganisha bei. Upande mmoja kuna kipande cha mpira na saa chache za fundi. Upande mwingine kuna injini nzima, msimu wa utafiti wa mtu anayetakiwa kumaliza mwaka huu, na vijana sita ndani ya boti inayosogea kaskazini jua likizama. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa usioonekana huzibwa tu na yule aliyeuona ukitokea, akasema.

Kwa hiyo siku ukisikia tena "hebu iwashe kidogo tu", uliza swali moja: maji yako wapi? Kama hayapo, mashine ikae kimya. Na kama umeshachelewa kuuliza, chukua kalamu, uandike.